Meno ya Neema na Mukwe Wangu wa Kalundu

Uvira, Kalundu

Mudogo wangu mupenzi Anyesi,

Nakusalimu weye na wote walio chini ya paa lako. Minye niko muzima. Magoti yanalalamika asubuhi, nikiyapuuza yananyamaza, sawa na watu wengi wa parseli hii, kiwanja hiki cha mukwe wangu. Weye je? Ule mugongo umekuachia? Na mume wako, bado anakohoa na bado anavuta? Mupe pole ya kukohoa. Ya kuvuta simupi. Mahindi yalitoka namna gani huko Kalemie? Na jiko mulilifunika, ama bado mvua ikinyesha munapika mukivaa sufuria kichwani?

Anayeshika kalamu ni Zawadi, mutoto wangu. Minye nasema, yeye anaandika. Nimemukataza kulainisha kitu. Mengi ya humu ni maneno juu ya mume wake, na tayari ameanza kuguna, lakini mukono unaendelea. Ni mutoto muzuri.

Uliniuliza kwa simu: "Dada, ulienda kumuogesha Zawadi alipojifungua. Sasa mutoto mwenyewe anatembea, anavunja vikombe. Weye unangoja nini huko?" Simu ikakata mbele nijibu, na heri ilikata, maana jibu ni refu. Jibu ni meno. Meno ya Neema.

Neema unamukumbuka, mutoto mukubwa wa Zawadi, yule uliyemubeba mugongoni walipokuja kwetu akakukojolea nguo ya kanisa. Sasa iko darasa la pili. Meno ya utoto ya mbele yalianguka, tukayarusha juu ya bati, tukangoja mapya. Mapya yakaja. Lakini yale mawili ya juu yalishuka nyuma ya yale ya chini. Unanisikia? Akifunga mudomo, ya chini yanakaa mbele, ya juu yanajificha ndani, sawa na sanduku ambalo mufuniko wake umetumbukia. Muhogo wa kuchoma hawezi kuuma, anautafuna pembeni kama mbuzi. Na kidevu kikaanza kumutangulia njiani.

Masomoni wakamuita Sangala. Weye umekulia kando ya ziwa hili, unajua ile samaki ilivyo, mudomo wa chini umetoka kama baraza la duka. Watoto ni watoto, siwahukumu. Lakini mwalimu wao naye alicheka. Mwanaume muzima, ana kravati shingoni, anacheka mutoto wa watu! Nilienda kumuona. Nilimuambia: "Mwalimu, minye sikusoma, ndiyo maana nimekuja uniambie. Hiki unachofundisha ni hesabu ama ni Kifaransa?"

Akasema, "Mama, ilikuwa muzaha tu."

Nikamuambia muzaha wake unanuka, aufungulie dirisha.

Tangu siku ile hacheki tena, lakini Neema alikuwa amekwisha kujifunza kuweka mukono mbele ya mudomo. Anacheka na mukono, anasema na mukono, hata kuomba chumvi ni na mukono. Mutoto yule, Anyesi, ambaye zamani kicheko chake kilikuwa kinaamusha mutoto mudogo hata mulango ukiwa umefungwa! Hiyo ndiyo iliniuma. Meno si kitu, kila muntu ana yake. Ule mukono ndio uliniuma.

Na hapa kila muntu ni munganga wa meno. Jirani muuza makala akasema tungoje, yatajipanga yenyewe akivunja ungo. Ya kwake mwenyewe yamepangana kama watu wanaokimbia mvua. Mwengine akasema ni kunyonya kidole, na Neema hakunyonya kidole hata siku moja. Mwengine akasema kidevu amekichukua kwangu. Huyo nilimusogelea ili akione kwa karibu, akakumbuka ana sufuria motoni.

Basi minye na Zawadi tukamupeleka lopitali. Munganga wa meno ni mwanamuke, mufupi, kijana, sauti ndogo. Nilipomuona nilisema moyoni, huyu ndiye? Akamuketisha Neema kwenye mwanga, akamuambia uma, fungua, uma tena. Akapima nafasi kwa kidole chake. Kisha akaniambia minye bibi ya mutoto, "Koko, mumefanya vizuri kuja mapema. Wengine wananiletea mutoto akiwa amekwisha kuota ndevu."

Nikamuuliza, "Mapema ya nini? Si wanasema tungoje?"

Akasema, "Wanaosema mungoje hawajui mufupa. Mufupa wa mutoto ungali unasikia. Ukiuonyesha njia unaenda. Ukimaliza kukua, hausikii tena, na hapo ni kazi kubwa ya lopitali ya Bukavu, labda hata ya mbali zaidi. Haya ya juu ndiyo kwanza yanashuka, na nafasi yao ipo. Tutajaribu na hiki." Akatoa kijiti. Ni kile kijiti kipana cha mbao wanachokukandamiza nacho ulimi ukiumwa koo.

Nikamuambia, "Dokta, kijiti tu?"

"Kijiti, na muntu wa kukaa na mutoto. Bila muntu wa kukaa naye, hiki ni kuni."

Akatuonyesha. Kichwa cha kijiti kinaingia nyuma ya jino la juu, mukia wake unashuka kuelekea kidevu, mutoto anauma polepole na kukishusha, jino linasukumwa kwenda mbele. Si kwa nguvu, si kwa haraka. Baada ya kila chakula, kila siku, na muntu mukubwa akiangalia. Jino likikataa, Bukavu wanatengeneza kijisahani chenye waya cha kuvaa mudomoni. Lakini tuanze na kijiti. Na meno ya chini, akasema, yasiguswe, hayana kosa.

Nikajua hapo hapo muntu wa kukaa ni nani. Zawadi iko sokoni asubuhi hadi jua linashuka. Baba wa mutoto iko bandarini. Niliyebaki ni minye.

Sasa tufike kwa huyo baba. Zawadi, andika.

Mukwe wangu ni kapita wa wabebaji hapa bandarini. Anasimama kivulini, wengine wanabeba. Ana diploma yake ukutani, ndani ya kioo, juu ya kitanda, kama ndiye Bikira Maria. Jina lake sitalitaja, unajua sababu. Vile tulivyolelewa ndivyo walivyolelewa huko juu Rurambo alikozaliwa: mukwe na mama mukwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaitani jina, na mumoja akikaa njiani mwengine hapiti, anangoja. Minye nalala nyumba ndogo ya nyuma, yeye nyumba kubwa. Tukitaka kuambiana kitu tunamuambia mutoto, ama chombo. Namna hiyo tumeishi vizuri. Sikumuona sura, kwa hiyo sikumuchukia.

Aliposikia kijiti, alisimama uwanjani akasema kwa sauti ya bandarini: "Neema! Muulize koko yako, mutoto wa kapita anauma vijiti kama panya?"

Minye nilikuwa naosha vyombo. Nikasema, "Weye beseni, muambie mwenye parseli kwamba panya ana meno yaliyonyooka."

Akasema, "Neema! Muambie koko, wanaume wa bandarini wananiuliza kama mutoto wangu ni wa ziwani!"

Nikasema, "Beseni, hapo ndipo tumefika. Si mudomo wa mutoto unaomuuma. Ni masikio ya kapita."

Akaingia ndani. Nikaendelea na kijiti changu. Kila baada ya chakula tunakaa kwenye ngazi, Neema anauma, minye namuhadithia mambo ya weye na minye tulivyoiba ndagaa za bibi, na hawezi kucheka juu ya kijiti, machozi yanamutoka. Siku zikaenda. Nikaona jino moja limesogea, kidogo tu, kama muntu anayechungulia mulangoni kujua kama wageni wameondoka.

Ndipo Neema akaniambia: "Koko, papa anasema siku ya posho, ile Jumamosi mbele ya Siku ya Mungu, ananipeleka mutaa wa Kimanga, kwa bingwa wa kung'oa meno. Watatoa meno ya chini manne, kisha ataninunulia Fanta."

Anyesi, nilikaa chini. Meno ya chini! Mapya, mazuri, meupe, ya maisha! Jino la utoto likitoka, lingine linakuja. Haya yakitoka, nani anakuja?

Nikavaa viatu nikaenda Kimanga kumuona huyo bingwa. Duka lake ni mulango mumoja katikati ya mushonaji na muuza sabuni. Kwenye ubao amechora midomo myekundu inayocheka peke yake, bila uso. Upande mumoja anachaji simu za watu, upande mwengine anang'oa. Koleo inaning'inia kwenye musumari mumoja na waya za simu. Akanikaribisha vizuri: "Karibu mama, jino gani linakusumbua?"

Nikamuambia, "Weye."

Akacheka. Alipocheka nikahesabu haraka yaliyobaki mudomoni mwake, kazi haikuwa ndefu. Nikamuuliza ya Neema. Akasema, "Ah, ile kazi ya kapita! Mama, ni rahisi. Meno ya chini yamevuka mupaka bila karatasi. Minye nayafukuza tu."

"Unayafukuza yaende wapi? Si wao wako kwao? Si ya juu ndiyo yamepotea njia?"

"Ya chini yakitoka, ya juu yanapata heshima."

"Na mutoto atauma chakula na heshima?"

Akaniambia kapita amekwisha kupatana naye, na kwamba yeye hasikilizani na wanawake juu ya kazi ya ufundi. Ufundi! Kuku wa jirani naye anachimba, hajaitwa fundi.

Nikarudi. Nikamusemesha beseni siku nzima, nikamusemesha kinu, nikausemesha mufagio, kwa sauti ambayo hata boti zilizotia nanga zilisikia. Zawadi akamubembeleza mume wake, naye akamujibu kwamba mutoto ni wake na jina ni lake. Hivyo ndivyo mwanaume anavyosema akiwa hana neno.

Siku ya posho ikafika. Asubuhi nikachukua kiti changu kifupi na beseni la maharagi ya kuambua, nikakaa katikati ya mulango wa parseli. Mulango ni ule mumoja tu. Ukuta umezunguka kote.

Akatoka nyumba kubwa, amevaa shati lililonyooshwa, anamushika Neema mukono, amemuvika gauni la komunyo. Nje motari amekwisha kufika, anaungurumisha pikipiki. Mukwe wangu akaona mulango. Akaangalia juu, kama kuna kitu kinaandikwa mawinguni. Akageukia ukuta.

"Neema. Muambie koko kwamba papa anaomba njia."

"Beseni," nikasema, "muambie papa ya Neema njia ina maharagi."

Motari akapiga kelele, "Kapita, twende! Mafuta yangu yanakwisha!" Kisha akachungulia, akaniona, akaona nani amesimama nyuma yangu na uso ukutani. Akazima moto. Akavuta kofia hadi puani. "Hiyo hapana, kapita. Huyo ni mama mukwe. Minye sikuja, na sikuona kitu."

Majirani wakaanza kuja, kila mumoja na ndoo tupu, eti anaenda kuchota maji. Muuza makala akaleta kiti kabisa.

"Zawadi!" mume wake akaita. "Ondoa mama yako hapo!"

Zawadi akajibu kutoka ndani, "Niko nanyonyesha!" Na mutoto mwenyewe alikuwa uwanjani mbele ya macho ya watu wote, anakimbiza kuku. Zawadi hapa anacheka, ameacha kuandika. Andika, mama, usione haya. Siku ile ulikuwa mutoto wangu kabisa.

Ningeweza kukaa pale hadi jioni, maharagi yalikuwa mengi. Lakini yule bwana ana diploma, akafikiri. Akamunong'onezea motari kupitia tundu la ukuta azunguke nyuma. Kisha akamubeba Neema, akaenda nyuma ya nyumba ndogo, akaanza kumuinua juu ya ukuta kama gunia, ili motari amupokee upande wa pili. Motari hakuonekana, heri yake. Neema akashika matofali, akasema, "Papa, minye sitaki," na mara hii hakuweka mukono mudomoni, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika ukuta.

Maharagi yakamwagika. Sijui nilivyofika. Nilisimama mbele yake, nikamuangalia usoni, na nikamuita jina lake. Jina lenyewe, la ubatizo. Majirani wakashika vichwa.

Nikasema: "Muteremushe. Haya. Sasa muambie afungue mudomo, umuangalie. Weye ni baba yake. Umeona hasira yako, umeona aibu yako, umeona wanaume wa bandarini. Ndani ya mudomo wake hujaangalia hata siku moja. Angalia! Ukiisha kuangalia, kama bado unataka kung'oa, pita, minye nitakufungulia mulango mwenyewe."

Mwanaume mukubwa namna ile, macho anayo madogo, mekundu, sikujua. Akamuteremusha mutoto. Neema akafungua mudomo wote, hadi kimio kikaonekana. Baba akainama. Akaangalia muda murefu. Akaweka kidole chini ya lile jino la juu, lililokuwa linachungulia.

Kisha akasema, si kwa Neema, si kwa ukuta, ni kwangu: "Hili lilikuwa ndani kabisa."

Nikasema, "Lilikuwa."

"Linatoka?"

"Linatoka. Kwa kijiti cha panya."

Aibu ikatushika wote wawili kwa wakati mumoja, nikafunika uso kwa kikwembe nilichojifunga, nikarudi mulangoni kuokota maharagi, maana sikujua kwingine pa kwenda. Na yeye, kwa kuwa nilikuwa nimekaa tena mulangoni, hakuweza kupita. Akaruka ukuta kwenda kazini. Suruali ikapasuka nyuma, toka kiuno hadi paja, na muuza makala akaona yote. Kufika bandarini habari ilikuwa imemutangulia. Sasa hawamuulizi tena juu ya Sangala. Wanamuuliza juu ya suruali. Namuhurumia, lakini si sana.

Nilimutumia kuku kupitia Zawadi, desturi itulie, maana nilitaja jina lisilotajwa. Kuku ile ilikuwa ya desturi. Yeye mwenyewe sikumuomba radhi. Naye alinirudishia kikwembe kipya, cha kijani, rangi mbaya, nimekivaa.

Kazi ilipofunguliwa baada ya Siku ya Mungu, alimupeleka Neema lopitali mwenyewe. Aliporudi alikuwa mupole kama muntu aliyetoka kuungama. Tangu hapo asubuhi ni zamu yake. Wanakaa kwenye ngazi, Neema anauma kijiti, na baba anahesabu kwa Kifaransa kama vile anahesabu magunia yanayoshuka botini, haraka haraka. Minye namuambia beseni, "Muambie apunguze, hii si meli." Anapunguza.

Jino la kwanza limevuka. Nakuambia limevuka, Anyesi! Liko mbele pale linapotakiwa, akifunga mudomo linashuka juu ya lile la chini kama mufuniko unavyotakiwa. La pili bado. Limefika ukingoni, limesimama pale, ncha juu ya ncha, halitaki kurudi wala kuendelea. Munganga anasema tusichoke, na kama likibishana sana Bukavu ipo. Ule mukono bado unapanda mudomoni wakati mwengine, ukikuta hakuna kitu cha kuficha unashuka wenyewe.

Musalimie mukaza mwana wako Rozalia, na umuambie ile mboga yake aliyonitumia ilifika imeoza lakini nilisikia upendo. Musalimie shangazi yetu Veronika, na umusomee barua hii kwa sauti, afurahi. Musalimie kaka yetu Emili na nyavu zake. Na yule mujukuu wako anayenyonya kidole hadi leo na meno ya juu yametoka kama jembe: usisikie wanaosema mungoje. Mutoe kidole, mufungue mudomo, mupeleke kwa muntu mwenye kujua angali mudogo. Na anayekuja na koleo, mufukuze na mufagio.

Kurudi, sasa. Najua unaningoja, na minye nakutamani, hata kelele zako. Lakini sikiliza alichofanya mukwe wangu wiki hii. Ameleta mafundi wawili, wametoboa ukuta wa nyuma, wameweka mulango wa pili. Anasema ni kwa ajili ya kuleta maji karibu. Maji! Bomba liko mbele. Na jana nilimusikia anamuambia Neema, "Hilo la pili likichelewa sana, tutaona." Mwanaume akisema tutaona, minye sifungi mizigo. Parseli sasa ina milango miwili, na mama mukwe iko mumoja tu. Nimemuomba Zawadi kiti cha pili kifupi, cha kuweka kwenye mulango wa nyuma. Jino likivuka, nitapanda boti.

Dada yako anayekupenda kuliko unavyostahili,
Mama Zawadi